Saa mbili za mzee: dhahabu ya miezi tisa imebanduka, ya miaka zaidi ya arobaini bado ipo

Mzee aliweka leso ya mfukoni juu ya meza yangu akaifungua taratibu, ndani kuna saa mbili. Moja ni ya zamani ya kutia ufunguo, kioo kimejaa michubuko lakini bodi, yaani kasha lenyewe la saa, bado ina dhahabu yake, imelainika tu kwenye pembe. Nyingine ni mpya, ya betri, mkanda wa chuma rangi ya dhahabu, na hiyo mpya ndiyo iliyokuwa na hali mbaya, pembe zimebanduka, kwenye mkanda kuna ukijani umeganda katikati ya pingili, na pale mkanda unapoingia kwenye bodi kuna vijipele vimeinuka kama rangi ya ukuta uliopata unyevu.

Nikamsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, halafu akaniambia hii ya zamani haina shida, nimekuja nayo uione tu, hii nyingine kaniletea kijana wangu kutoka Maskati, ina miezi tisa mkononi, na kijana anakuja likizo Desemba, nataka uichovye upya kabla hajafika, sitaki aikute hivi.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu kila wiki napokea saa ya namna hii na maneno ni yaleyale, mmoja anasema nimeuziwa feki, mwingine anasema lakini niliambiwa PVD, ile rangi ngumu inayopakwa kwenye vakyumu, haichuji. Wote wawili wanaangalia rangi. Mimi nilichojifunza kwenye hizi saa mbili za mzee, zilivyokaa pamoja kwenye leso moja, ni kwamba ile rangi ya juu ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni kilichoko chini yake, na hicho cha chini hakuna anayekiulizia dukani.

Nikaanza na mfuniko wa nyuma. Umeandikwa kwa herufi ndogo za duara STAINLESS STEEL BACK. Mzee akanionyesha kwa kidole, si hii hapa imeandikwa stenlesi. Nikamwambia mzee wangu, imeandikwa neno moja zaidi, BACK, maana yake mgongo, yaani ule mfuniko peke yake ndio stenlesi, bodi yenyewe hawajasema ni nini. Na ni kweli kabisa, saa nyingi za miaka na miaka zimeandikwa hivyo, za zamani zilikuwa na uungwana wa kuongeza BASE METAL mbele, kwamba bodi ni metali ya kawaida isiyo ya thamani. Saa ambayo bodi nzima ni stenlesi mara nyingi itasema ALL STAINLESS STEEL au STAINLESS STEEL bila hilo neno la mwisho. Sisemi maandishi hayadanganyi, ila hapa hayakudanganya, yalisomwa nusu.

Nikavaa lenzi. Hapa nataka nieleze kwa utulivu kwa sababu ndipo kisa kilipo.

Kwenye pembe za bodi, zile zinazogonga milango na meza, rangi imeruka vipande vipande, kingo za kila kipande ni kali kama kioo kilichopasuka. Dhahabu iliyochovywa kwa njia ya zamani haifanyi hivyo, yenyewe inaisha polepole kama ngazi ya msikiti inavyolika, ukiitazama unaona njano inafifia inafifia mpaka metali ya chini inachungulia, hakuna mpaka mkali. Huu ulikuwa mpasuko. Chini ya njano kuna tabaka jeupe lenye umanjano kwa mbali, hiyo ni nikeli, kromu ingekuwa nyeupe inayoelekea kwenye bluu. Na pale palipochimbika zaidi, chini ya nikeli, kuna njano nyingine tofauti kabisa, njano ya brasi, ule mchanganyiko wa shaba na zinki.

Kwenye vifuo, yaani ule upande wa ndani pale mkanda unapoungana na bodi, hali ilikuwa nyingine. Hapo hapajagongwa na kitu, haiwezekani pagongwe maana mkanda umeziba. Lakini ndipo palipoinuka vijipele, na nilipokitoboa kimoja kwa ncha ya sindano, rangi ikanyanyuka kama ganda na ndani kuna unga wa kijani. Kijani ni chumvi za shaba, kwa hiyo brasi tena, ingekuwa ni zile aloi za zinki za kumimina ningekuta unga mweupe.

Halafu nikageuza kifungio cha mkanda. Kifungio ndicho kinachoteseka kuliko sehemu yoyote ya saa, kila ukiandika, kila ukiegemea meza, kinasuguliwa. Nilitegemea kukikuta kimekwisha. Kilikuwa na mikwaruzo midogo na basi, rangi ni ileile, haijabanduka hata sehemu moja. Nikakikwaruza kidogo upande wa ndani pasipoonekana, chini yake ni bamba jembamba la stenlesi.

Kwa hiyo fikiria, saa moja, rangi moja, mvaaji mmoja, jasho moja la Tanga, miezi tisa ileile. Palipo na stenlesi chini rangi imekaa. Palipo na brasi chini rangi imekufa, na imekufa kwa njia mbili tofauti. Mtu angetaka kufanya majaribio ya makusudi asingeyapanga vizuri kuliko hivi.

Nilitaka nihakikishe brasi kwa kipimo kingine zaidi ya macho, na hiki kila fundi anaweza kufanya akiwa na mizani ya sonara. Nikatoa mashine, kioo na mfuniko, ikabaki bodi tupu, nikaipima, gramu 31.24. Nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani sifuri, halafu nikaining'iniza bodi kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, mizani ikasoma 3.70, huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya, unapata 8.44. Stenlesi inacheza kwenye 8 kamili au chini kidogo, aloi za zinki ziko 6.6 hivi, brasi ndiyo iko hapo 8.4 mpaka 8.7. Sumaku hapa haisaidii, maana hata stenlesi nzuri ya saa, 316L, haishiki sumaku.

Sasa hiyo rangi yenyewe ni nini. Kwenye boksi alilokuja nalo mzee iliandikwa IP GOLD, IP ni ion plating, na muuzaji kule alitamka PVD. Yote yanaelekea kwenye familia moja. Kuna chumba cha chuma kinachonyonywa hewa yote mpaka ibaki vakyumu, bodi za saa zimetundikwa zinazunguka kama mishikaki kwenye jiko, pembeni kuna bamba la titaniamu. Inaingizwa gesi ya argoni kidogo, inapigwa umeme, chembe za argoni zinaligonga lile bamba mpaka atomu za titaniamu zinaruka kwenda kutua kwenye saa, halafu inafunguliwa naitrojeni, titaniamu na naitrojeni zinashikana palepale juu ya saa na kuwa titaniamu naitraidi. Hicho kitu kwa asili yake kina rangi ya dhahabu, kinameza mwanga wa bluu na kurudisha wa njano na mwekundu, ndivyo dhahabu yenyewe inavyofanya. Dhahabu haimo. Ukiongeza au kupunguza naitrojeni njano inasogea, ukitumia zirikoniamu unapata njano iliyopauka yenye ukijani kwa mbali, ukichanganya kaboni unaelekea kwenye rozi na kahawia. Saa nyeusi mara nyingi ni za familia hiyohiyo, au ni za kaboni ngumu ile wanayoiita DLC.

Na sio kitu cha ovyo, hapa ndipo ninapobishana na wanaosema PVD ni rangi ya kitapeli. Nenda duka la hadiwea ukaangalie biti za drili za rangi ya dhahabu, zile za maana zimepakwa titaniamu naitraidi hiyohiyo, na zinatoboa chuma. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers dhahabu safi iko kama 25, stenlesi ya saa 150 mpaka 200 na kitu, titaniamu naitraidi inapita 2000. Ni ngumu kuliko mchanga. Kwa hiyo mtu aliyesema haichuji hakutunga.

Ila hiyo biti ya drili ndani yake kuna nini? Kuna chuma kigumu kilichopikwa. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alikamate. Tabaka la pambo kwenye saa linaanzia sehemu tu ya mikroni moja mpaka mikroni 2 au 3, unywele wa binadamu ni kama mikroni 70, halina nguvu ya kujibeba lenyewe, linategemea kilicho chini. Brasi ni laini. Chukua kigae cha bafuni, kilaze juu ya godoro, halafu kikanyage. Kigae ni kigumu, wala hakijakosa kitu, godoro ndilo limebonyea na kigae hakijui kubonyea, kikapasuka. Pembe za saa ya mzee zilipogonga chuma cha mlango brasi ilibonyea sehemu ndogo usiyoiona kwa macho, na ile ngozi ngumu ikavunjika juu yake. Kifungio kiligongwa vilevile, lakini stenlesi haikubonyea kiasi hicho.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kufa. Ya pili, ya vijipele, ni ya kimyakimya na kwetu sisi wa pwani ndiyo inayoua saa nyingi zaidi.

Tabaka hili likikua kwenye chumba cha vakyumu linakua kama nyasi zilizosimama, nguzo nguzo zimebanana, na katikati kunabaki vitundu vidogo sana. Kwenye stenlesi vitundu hivyo havina madhara makubwa kwa sababu stenlesi inajilinda yenyewe. Kwenye brasi jasho linapenya, lina chumvi, linakuta brasi, na mbaya zaidi ile titaniamu naitraidi kwenye maji ya chumvi inajifanya kama upande mmoja wa betri na brasi inakuwa upande unaoliwa, upande unaoliwa ni kitundu kidogo na upande mwingine ni saa nzima, kwa hiyo kitundu kinachimbwa kwa kasi. Uchafu wa kijani unavimba, unainua ganda.

Ndio maana brasi haiwekwi kwenye vakyumu ikiwa tupu. Sababu iko hata kabla ya jasho, kwenye chumba kile kuna joto, nyuzi mia na zaidi, wengine mpaka mia tatu au nne, na zinki iliyomo ndani ya brasi ikipata joto kwenye vakyumu inaanza kutoka kama mvuke, inaharibu kazi yote. Kwa hiyo lazima kwanza brasi ichovywe kwa umeme, nikeli, wengine wanaongeza kromu, ifungwe kabisa, ndipo iingie ndani. Maana yake uimara wa saa kama ya mzee umebebwa na ile nikeli ya katikati kuliko na dhahabu ya juu. Na nikeli inayochovywa kwa umeme ina tabia moja, umeme unapenda pembe na kingo, hapo inajaa nene, kwenye vifuo na mashimo inafika kidogo. Halafu na ile ya vakyumu nayo, chembe zinaruka kwa mstari kutoka kwenye bamba, palipojificha panapata kidogo pia. Sasa ndani ya vifuo, palepale ambapo jasho na mafuta ya ngozi yanalala usiku kucha, nikeli ni nyembamba na titaniamu naitraidi ni nyembamba. Nilipoangalia vizuri kwenye lenzi vijipele vyote vilikuwa hapo, hata kimoja hakikuwa kwenye uso wa juu ulio wazi.

Mzee akaniuliza swali zuri sana, akachukua ile saa yake ya zamani akasema, na hii nayo si brasi? Nikaifungua mbele yake. Ni brasi kweli. Nyuma ya pembe imepigwa muhuri 20 MICRONS, saa ya Uswisi, aliinunua yeye mwenyewe miaka ya mwisho ya sabini akiwa serahangi kwenye meli za mwambao. Brasi ileile, bahari ileile, na imevumilia. Kwa sababu juu yake kuna dhahabu ya kweli mikroni 20, na dhahabu ni laini, brasi ikibonyea dhahabu inabonyea nayo, haipasuki, na kwa unene ule vitundu vimezibana, jasho halipati njia, na dhahabu yenyewe haipati kutu. Inachofanya ni kulika tu, na mikroni 20 inachukua muda kulika. Ukimuuliza mtu ipi ngumu kati ya hizi mbili jibu ni ile mpya, tena kwa mbali sana, na ngumu ndiyo iliyobanduka. Siwezi kueleza jinsi kitu hiki kilivyonikaa kichwani siku nzima.

Watengenezaji wakubwa hili wanalijua siku nyingi. Rado walipotoa DiaStar mwaka 1962 walianza na bodi yenyewe, tungsteni kabaidi, kitu kigumu tangu ndani. Citizen walitoa saa ya kwanza ya titaniamu mwaka 1970, na titaniamu inakwaruzika upesi, baadae wakaja na mbinu ya kuingiza gesi ndani ya ngozi ya titaniamu yenyewe, ugumu unaanzia juu na kupungua kidogo kidogo kwenda ndani, hakuna mahali ambapo tabaka moja linaishia na jingine linaanza, sasa kitabanduka nini. Brasi kwenye saa za bei ya chini inatumika kwa sababu inachongeka na kufinyangika kirahisi kuliko stenlesi, ni hesabu ya kiwanda, siwalaumu kwa hilo, ninachosikitika ni mteja kuambiwa jina la rangi tu.

Nikamuuliza mzee ilianzaje. Akasema mwezi wa pili au wa tatu aliona rangi imebadilika, sio kubanduka, ila ile dhahabu ya kupendeza ikawa kama ya kengele. Nikamuuliza mnaisafisha na nini, akasema bi mkubwa anaisugua na dawa ya meno kila Alhamisi jioni ing'ae kwa Ijumaa. Hapo likajibika jingine. Saa nyingi za namna hii baada ya titaniamu naitraidi zinapigwa dhahabu halisi kidogo mno juu yake, sehemu ndogo tu ya mikroni, ili rangi ifanane na dhahabu kabisa. Dawa ya meno ina unga wa kusugua, haiwezi titaniamu naitraidi lakini ile dhahabu ya juu inaiondoa ndani ya wiki chache. Nikamwambia mzee mama hajaharibu kitu, alichoondoa kingeondoka tu chenyewe, vijipele havikutokana na yeye. Nilimwona amepumua, nadhani nyumbani lilikuwa limeshazungumzwa.

La ngozi ndilo lililonipa wasiwasi zaidi. Alikunja shati, mkono wa kushoto una vipele na ngozi imekauka imekuwa nyeusi, lakini cha kushangaza katikati, pale mfuniko wa nyuma unapolala, pana duara safi kabisa. Vipele viko pande zote mbili zilizokaa pingili za brasi, na chini kwenye kifungio cha stenlesi hamna. Mimi sio daktari na nilimwambia aende kwa wa ngozi, ila ramani ile ya mkono ilikuwa inafanana na ramani niliyoiona kwenye lenzi. Tabaka likipasuka nikeli inabaki wazi, jasho linaiyeyusha kidogo kidogo, na kuna watu ngozi zao haziivumilii nikeli. Ulaya waliliwekea sheria tangu 1994, kitu kinachokaa kwenye ngozi kisiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kama kimepakwa tabaka la kuzuia basi tabaka hilo lishike angalau miaka miwili ya matumizi ya kawaida. Stenlesi ya saa nayo ina nikeli ndani, asilimia kumi na zaidi, lakini imefungwa humo, inaachia kidogo sana. Hili duara safi mkononi mwa mzee ndilo linalosema hivyo.

Kijana tukamtumia ujumbe wa sauti, mzee alikubali baada ya kusita, kwa sharti nisiseme imeharibika, niulize tu alinunua wapi na aliambiwa nini. Akajibu vizuri tu, alinunua mbili siku moja, moja ya baba moja yake, duka lilikuwa duka la kawaida, risiti anayo, imeandikwa IP gold na mgongo wa stenlesi. Kila neno kwenye risiti ni kweli. Nikamwambia siku nyingine aulize bodi ni nini na mkanda ni nini, sio rangi ni nini.

Sasa kuhusu kuchovya upya. Mzee alikuja kwa hilo na ilibidi nimweleze kwa nini siwezi kumfanyia tu kama alivyosema. Kurudisha titaniamu naitraidi kunahitaji kile chumba cha vakyumu, na kabla ya hapo ya zamani yote itoke, nikeli itoke, mashimo yafukiwe, nikeli mpya iwekwe, ni kazi ya kiwanda na kwa saa moja hailipi. Kwa sonara kuchovya dhahabu inawezekana, ila dhahabu haishiki juu ya mabaki ya titaniamu naitraidi, itakaa mwezi itafunguka, lazima ikwanguliwe yote kwanza, na masonara wengi wataweka nikeli chini ya dhahabu, yaani tunarudi kwenye mkono wa mzee. Kupaka dhahabu nyembamba ili ing'ae Desemba tu, hilo ningeweza. Nilimwambia naweza na nikamwambia sitaki.

Tukakaa. Yeye ndiye aliyeuliza, ukiikwangua yote unakuta nini? Nikasema brasi tupu, mzee wangu, shaba ya njano, itang'aa siku mbili tatu halafu itaanza kuwa kahawia. Akacheka, akasema mwanangu mimi nimesugua shaba za meli miaka kumi na tisa.

Na kweli ukifikiria sio wazo la ajabu, kuna saa za bei kubwa zinazotengenezwa bodi ya bronzi tupu makusudi ibadilike rangi, na mgongo wanaweka titaniamu au stenlesi ili ngozi isiguse. Hii ya mzee mgongo wa stenlesi tayari ilikuwa nao. Mkanda wa pingili tukauweka kando kabisa, tukachagua wa ngozi ya kahawia.

Kukwangua kulinichukua jioni mbili. Msasa wa kahawia wa mbao uliteleza tu juu ya titaniamu naitraidi, unasugua unaona msasa ndio unaoisha. Ule mweusi wa maji, silikoni kabaidi, ndio ulioshika. Nikaanza na 400 mpaka njano ya kwanza ikaondoka, ikaja nyeupe ya nikeli, nikaendelea na 600 mpaka nyeupe nayo ikaisha, na hapo ni lazima usimame kila dakika kuangalia maana nikeli iliyobaki kwenye kona ni ndogo na macho yanaidharau, ndani ya vifuo nilifunga msasa kwenye kijiti cha meno. Halafu 1000, 2000, na kompaundi kwa kitambaa. Mashimo ya kijani niliyachokonoa, nikayasafisha kwa maji ya moto na sabuni, matatu makubwa yalibaki yanaonekana, nikayaacha. Chini ya pembe, pale panapoweza kugusa ngozi, nikapaka vanishi ya kucha isiyo na rangi, nikamwambia mzee arudi kila baada ya miezi miwili nimpakie tena, sio kazi.

Alipokuja kuichukua aliigeuza geuza juani nje ya kibanda. Akaniuliza kama anaweza kutumia braso, nikasema kidogo, kwa kitambaa, na usiache iingie kwenye kile kinobu cha kuzungushia mishale. Akaivaa mkono wa kulia maana wa kushoto ulikuwa bado unapona.

Desemba walikuja wote wawili. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umerudi rangi yake, saa iko hapohapo, pembeni imeshakuwa kahawia na juu inang'aa palipopita kidole gumba. Kijana alishaambiwa, na baba yake mwenyewe. Akavua ya kwake akaiweka mezani, ileile pacha yake, haina doa, dhahabu imejaa, anafanya kazi ofisini kwenye kiyoyozi na huivaa siku za mwisho wa wiki tu. Akasema fundi naomba uitazame. Nikatoa pini nikaushusha mkanda, nikavaa lenzi, nikaigeuza kwenye taa. Uso safi, pembe safi. Nikainamisha nione ndani ya kifuo cha kushoto, vilikuwepo vitatu, vidogo kama chembe za mtama.